Miti ya Papa na Watoto wa Barafu

Kisangani, 24 Septemba 2023

Mdogo wangu Noël,

Pokea salamu za nyumba nzima, za walio wazima na za wanaojifanya wazima. Claudine wangu ameingia sekondari na tayari ana Kifaransa cha kunikosoa mimi mama yake. Mvua zimeanza. Umeme unakuja unapotaka, simu naichaji kwa jirani, ndiyo maana tukiongea wewe unasikia nusu yangu na mimi nasikia "allô, allô" zako. Papa amezichoka, na baba akichoka jambo unajua. Amesema: "Umuandikie barua. Barua haikatike." Basi naandika, na abbé Jean-Marie, padri wa parokia yetu, ataibeba mpaka Kinshasa aitie posta. Wewe nawe upitishie kwake.

Sasa habari ya Papa. Kwenye simu nilikuambia aliteleza kidogo. Hakuteleza kidogo. Mwezi wa saba, maji yakiwa chini, alianguka juu ya mawe ya maporomoko ya mto na kamba begani, na nyonga yake haijarudi kama zamani. Nyumbani anatembea kwa fimbo, lakini juu ya yale mawe fimbo haina kazi. Kwa hiyo msimu mzima mahali petu palikaa bila mtego.

Claudine aliniuliza kwa nini watu wazima wanasikitikia mashimo ya mwamba. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: kila nyumba ya wavuvi wa maporomoko ina matundu yake kwenye mawe, humo ndimo miti inaposimamishwa, na kwenye miti ndipo mitego inapofungwa. Mwenye mahali humshika mkono mrithi wake na kuuingiza ndani ya tundu, wavuvi wengine wakiona. Kuanzia hapo mahali ni pake. Nikamwambia pia kwamba mjomba wake aliposhikwa mkono alilia kwa sauti akidhani mna nyoka ndani. Amecheka mpaka amekaa chini.

Lakini misimu miwili bila mtego, mahali hapo anapewa mwingine. Papa Séverin, chef na mkubwa wa wavuvi wote, alikuja kumwona Papa. Alikaa kwa heshima, akanywa chai, akasifu chai, halafu akasema: "René, mwaka hii tulinyamaza. Ile inakuya, hatutaweza kunyamaza tena."

Nakuomba basi, mdogo wangu, mimi dada yako mkubwa. Maji yatashuka mwezi wa sita na wa saba. Uwe hapa. Simamisha miti yako, tia mtego hata mmoja watu waone, halafu urudi zako kwenye baridi yako. Wewe ndiye mwana wa kiume pekee. Mimi binti siwezi, na unajua siwezi.

Jambo la pili ni la kazi. Darasa langu la mwaka wa nne tunasoma habari za watu wa nchi za barafu. Kitabu ni kimoja kwa darasa zima, kina picha moja ya mtu aliyefunikwa manyoya hadi puani, na chini yake mistari michache isiyosema kitu. Jemima, mtoto mmoja mwenye maswali, aliinuka: "Madame, nyumba ya barafu, wakipika ndani, haiyeyuke?" Nikawaambia nina ndugu anaishi huko huko, nitamuuliza. Darasa zima lilinicheka. Usiniache na aibu hii. Tuandikie wanavyoishi, wanavyovua, wanavyolea watoto. Wewe unawaona kwa macho.

Yaya wako,
Pétronille


Iqaluit, 12 Novemba 2023

Yaya Pétronille,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya moshi wa jikoni kwetu, na nimeinusa kabla ya kuisoma. Usinicheke. Msalimie Papa, mwambie nimesikia habari ya nyonga na imeniuma. Mwambie Claudine kwamba kweli mle tunduni mlikuwa na nyoka. Mimi ni mzima. Jua hapa siku hizi linachungulia tu na kuondoka, kama mgeni aliyekuta watu hawajapika.

Waambie wanafunzi wako wasikucheke tena. Kazi yangu ni jikoni katika shule ya msingi, naosha sufuria, watoto wakishatoka nasafisha sakafu. Na katika shule hii kuna bibi mmoja Mwinuit, ndio hao watu wa barafu wa kitabu chako, anaitwa Leetia, anakuja kila Jumatano. Wanatandika makatoni chini katika ukumbi, wanaweka sili mzima juu yake. Sili ni mnyama wa bahari mwenye ngozi laini, ndiye anayeitwa phoque kwa Kifaransa. Leetia anapiga magoti, anampasua kwa kisu kipana cha kina mama, na watoto wanajipanga wapewe ini bichi. Wanakula wakicheka, damu mpaka kidevuni. Mara ya kwanza nilirudi jikoni nikakaa. Siku hizi nami napewa kipande, nameza bila kutafuna.

Anawasha pia taa ya jiwe. Ni kama sahani ya mawe, inawaka kwa mafuta ya yule sili, na utambi wake ni manyoya ya majani ya huku yanayofanana na pamba. Zamani ndiyo ilikuwa jiko na joto la nyumba. Leetia hasemi mengi. Anaushika mkono wa mtoto, anausogeza taratibu kwenye utambi, mpaka mkono wenyewe uelewe.

Sasa swali la Jemima. Nyumba ile inajengwa kwa theluji iliyokaza, si barafu. Wakiwasha taa ndani, ukuta unayeyuka kidogo tu, halafu unaganda tena na kuwa mgumu zaidi. Juu wanaacha tundu moshi utoke. Lakini uwaambie ukweli: hakuna anayelala humo tena. Watu wanakaa nyumba za mbao zenye televisheni. Nyumba ya theluji inajengwa uwanjani kwa ajili ya watoto, kisha wanapiga picha. Yaya, mambo ya babu zao wanajifunza kwa kengele na daftari, kama sisi tulivyofundishwa mito ya Ubelgiji.

Kuhusu mwezi wa sita, mambo yakiwa sawa nitakuja. Papa asiwe na wasiwasi. Nimeona buti nzuri za raba hapa, nitamletea.

Mdogo wako,
Noël


Kisangani, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Noël,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umetuingilia ndani kwa maji. Mto umepanda namna ambayo hata Papa hajawahi kuiona. Watu wa kando wamelala juu ya madawati yetu, na shule ilifunguliwa kwa kuchelewa, sakafu ikiwa bado na matope. Sisi nyumbani tumepona kwa sababu tuko juu kidogo. Claudine alipata malaria, amepona.

Miti ya maporomoko imeondoka yote, ya kwetu na ya wengine. Sasa hakuna mwenye kitu. Maji yakishuka, wavuvi wote wataanza upya, na hapo ndipo itakapoonekana ni nani ana mtu wa kusimamisha na nani hana. Papa anaketi mlangoni anatazama upande wa mto. Nampelekea chai.

Barua yako imekuwa sherehe. Niliisoma darasani mara mbili na sikusikia hata kikohozi. Habari ya ini bichi imewagawa: wavulana wanasema wangekula, wasichana wanasema ni waongo. Wanauliza: mbwa wanaovuta magari ya theluji, wakizeeka wanafanywa nini? Choo wanakwendaje kwenye baridi ile? Na Jemima anauliza kama Leetia anawachapa watoto. Huyu Jemima ni binti wa Célestin, watu wa Isangi, wavuvi wa maji matulivu. Mafuriko yamechukua mtumbwi wao, sasa Célestin anaendesha toleka, anabeba watu kwa baiskeli kwenda Makiso, katikati ya mji, tangu asubuhi.

Papa naye nilimsomea. Nilipofika kwa Leetia alinikatiza: "Ngoja. Ule mama anaonyesha watoto ya watu? Ya kwake iko wapi?" Nikamwambia sijui. Akanitaka nikuulize. Tangu hapo barua yako iko chini ya mto wake wa kulalia.

Sasa turudi kwenye maneno yako. Umeandika "mambo yakiwa sawa". Mimi ni mwalimu, najua mtoto aliyeruka swali anavyoandika. Mambo gani hayo? Una karatasi za kukaa huko, una kazi, una miguu miwili. Niandikie mwezi na siku, nimpelekee Papa Séverin. Buti za raba Papa hazihitaji.

Yaya wako,
Pétronille


Iqaluit, 18 Februari 2024

Yaya,

Asante Mungu kwa kupona kwa Claudine. Habari za maji niliziona kwenye simu, nikawa natafuta paa la nyumba yetu katika kila picha. Huku ni kinyume, maji yanatusumbua kwa kukataa kuganda. Watoto walikuwa wapelekwe kuvua kwenye barafu kabla ya Noeli. Leetia alitangulia, akagongagonga kwa fimbo yake ya chuma, akasikiliza, akarudi. Wiki nyingine akafanya hivyo tena. Mwalimu akamuuliza itakuwa tayari lini. Akasema zamani angemjibu, sasa alama alizofundishwa hazisemi kweli. Watoto walivua makoti yao wakarudi darasani kuchora samaki.

Wajibu wanafunzi: mbwa mzee anaachwa alale karibu na mlango na kupewa chakula. Choo ni ndani ya nyumba, kama kwa tajiri wa Makiso. Na Leetia hamchapi mtoto. Mtoto akikosea, anaichukua ile kazi, anaifumua, anamrudishia bila neno. Nadhani wengine wangependa zaidi kuchapwa.

Swali la Papa nilimuuliza kupitia kwa mwalimu anayejua lugha yao. Leetia aliendelea kushona kwanza. Halafu akasema baba yake alikuwa na ziwa lake, mbali na pwani, lenye samaki wanene kama paja. Alimwonyesha mtoto wake wa kiume peke yake. Yule kijana akaugua kifua, meli ikamchukua kwenda kutibiwa kusini, hakurudi. Mzee alikufa anamngoja. Leetia na wadogo zake walilitafuta lile ziwa miaka na miaka, labda walipita kando yake, hawakulijua. Ndiyo sababu sasa anamwonyesha mtoto yeyote anayekuja kupiga magoti mbele yake. Watoto wake mwenyewe wapo, mmoja dereva, mwingine yuko kusini.

Hadithi hii nimeiandika kwa ajili ya darasa lako. Itawafaa.

Nilikwenda kumwona mtu anayeshughulika na karatasi zangu. Amesema tungoje kidogo. Juni naiangalia, Yaya. Naiangalia kweli. Mwambie Papa Séverin ninakuja, siku nitaitaja baadaye.

Noël


Kisangani, 21 Aprili 2024

Noël,

Salamu zako zimefika, na zangu uzipokee hivi hivi. Claudine mzima. Papa mzima, pengine mzima kupita kiasi. Kaa chini usome.

Barua yako niliisoma nyumbani kwa Papa, kisha darasani, ya ziwa na ya mbwa. Jemima akainua mkono: "Madame, siye hatuna mutu kama ule bibi? Wa kutuonyesha na mikono?" Darasa likaanza kelele. Nami, mwalimu mwenye akili nyingi, nikajibu: yupo, ni baba yangu. Nilidhani Papa atakataa. Unajua alivyo, kamba zake hata jirani hazigusi. Nilipomwambia alinitazama sana, akasema nimtafutie mtu wa kumbeba. Célestin alimleta kwa toleka yake, Papa amekaa nyuma na fimbo kama askofu.

Aliwafundisha kila Jumamosi. Alianza na kamba za msituni, jinsi ya kuzilowesha na kuzipasua. Wakasuka mitego midogo, ya kumtosha dagaa. Mtoto akikosea, alikuwa anaifumua kazi na kumrudishia bila neno. Watoto walimnyamazia namna ambayo mimi sijawahi kunyamaziwa, nikafurahi, Noël. Nilifurahi sana. Niliona baba yangu amepona.

Jumamosi iliyopita akasema tuwapeleke mtoni. Maji yalikuwa yameshuka kidogo, mwamba wa juu umetokea. Célestin na vijana wengine walimbeba mpaka pale. Wavuvi walikuwepo, Papa Séverin alikuwepo, wanaangalia matundu yao. Nilidhani atawaonyesha tu kwa kidole. Akaketi juu ya mwamba, akamwita Jemima, akaushika mkono wake, akauingiza ndani ya tundu hadi begani. Halafu akamwita mwingine. Na mwingine. Wavuvi waliacha kazi zao wakasimama. Watoto walikuwa wanacheka kwa sababu maji yanawatekenya. Hakuna mtu mzima aliyecheka.

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika viatu vyao. Nakuambia wewe kwa sababu sina wa kumwambia: mkono wangu hajawahi kuushika. Nimemwosha, nimempikia, nimemzika Mama pamoja naye, na nimekaa umbali wa kuita kutoka kwenye yale mawe maisha yangu yote. Watoto wa watu wameingiza mikono yao mbele yangu, tena wasichana, na mimi nimebeba viatu.

Nadhani uzee umemchanganya. Nadhani aliona ni Jumamosi kama nyingine, tumetoka kamba tumekuja mawe, na Leetia wako amemkaa kichwani. Nilimwambia Papa Séverin hivyo hivyo, kwamba mzee amekosea. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, siye wote tuliona. Kama amekosea, amekosea na mukono." Kwa sheria yao baba za wale watoto sasa wana haki ya kusimamisha miti pale, na Célestin kwanza, kwa sababu ya Jemima. Lakini wewe ulishikwa kabla yao. Ukiwa hapa maji yakishuka, mti wa kwanza ni wako na wengine watakuomba ruhusa. Usipokuwepo, basi.

Mimi siwezi kuwazuia. Mimi siwezi kitu. Niandikie siku.

Pétronille


Iqaluit, 2 Juni 2024

Yaya,

Sina salamu leo. Ulimwachaje? Ulikuwepo! Ungepiga kelele, ungejiangusha, ungesema jua limempiga. Watu wa Isangi ambao mto wao unakwenda polepole kama mgonjwa, leo wasimame juu ya mwamba wa Papa? Na kwa toleka? Nilimeza ini bichi ili uwe na la kuwasomea watoto, na hao watoto wamenila mimi.

Samahani. Nimeacha nafasi hapa kwa sababu nilitoka nje nikatembea.

Ni mimi niliyemwandikia habari ya ziwa. Najua.

Yaya, nilikuficha. Sina karatasi. Nina kesi, ni mwaka wa tatu sasa. Ili nibaki hapa niliwaambia majaji kwamba naogopa kurudi kwetu, kwamba nikirudi nitapatwa na mabaya. Ndivyo wengi wanavyosema na ndivyo nilivyoshauriwa. Sasa siwezi kuwaendea niseme niruhusuni nikasimamishe miti ya baba yangu kidogo. Nikipanda ndege tu kesi imekufa na mlango umefungwa nyuma yangu. Nikibaki, huko kunafungwa. Nimefikiri pande zote, sioni pa kutokea. Asubuhi naosha sufuria zile zile, watoto wananisalimia kwa jina, na sisikii wanachosema.

Lakini nakuja. Waambie wangoje. Mwambie Papa Séverin nimesema kwa kinywa changu mahali ni pangu na ninakuja. Wazuie hata wiki chache. Mafungu ya kesi yangu usimsomee Papa. Msomee tu kwamba nakuja.

Noël


Kisangani, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Noël,

Natumaini hii inakukuta mzima. Claudine amepita darasa. Shule imefungwa, na wanafunzi wangu wanakushukuru kwa barua zako; wote waliotahiniwa juu ya watu wa barafu wamejibu vizuri, pamoja na habari ya choo.

Barua yako imefika siku ya Ijumaa. Miti ilikuwa imesimama tangu Jumatatu.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ungetaka kujua. Célestin alikuja nyumbani kwanza na soda na kuku, akaomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Baba za watoto wengine walikuja nyuma yake. Mawe ya pale hawayajui. Mara mbili mti uliwaponyoka. Jemima alikaa juu ya mwamba anawaambia tundu lipi kwanza na lipi baadaye, na kamba ipite wapi, kama Papa alivyomfundisha. Papa tulimweka kwenye kiti kando. Aliwafuata kwa macho mpaka mti wa mwisho. Waliponyanyua mtego kulikuwa na samaki, na fungu letu waliliweka miguuni pake kabla ya kugawana. Watakuwa wanalileta kila siku. Kwa hiyo njaa hatutaiona, usiwe na wasiwasi wa hilo.

Nilimsomea barua yako. Nilifanya ulivyoniomba, nikaruka. Papa akasema: "Umeruka." Nikakana. Akanyoosha mkono, akapapasa karatasi na kidole, akaona mistari ni mingi kuliko maneno niliyosema. Nisingeweza kumdanganya, Noël. Nikasoma yote, na majaji, na yale uliyowaambia. Nilisoma nikiwa nimeinamisha uso.

Aliniuliza kitu kimoja: "Ameandika siku gani ya kuya?" Nikatafuta. Nikageuza karatasi upande wa pili. Nikamwambia hakuna siku.

Hapo ndipo nilipomuuliza. Nikamwambia, Papa, siku ile mtoni ulikosea, si ndiyo? Ulidhani ni somo. Akaniangalia kama anavyowaangalia watoto wakikata kamba vibaya. "Sikukosea. Tangu barua ya kwanza nilijua Noël hatakuya. Mutu anakuya, anaandika siku. Haandike habari ya buti." Nikalia. Nikasema, kama ulijua, mbona hukunishika mkono mimi? Niko hapa. Niko hapa miaka yote. Akasema: "Haukuniombaka." Ni kweli, sikumwomba. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba. Mtoto wa miaka kumi aliinua mkono darasani akaomba, akapewa. Nimekasirika naye, na nimekasirika na wewe, na kesho yake nimeamka nimempikia kama kawaida, kwa sababu ningefanya nini kingine.

Jana aliniita, akasema nilete kalamu. Ameniambia maneno ya kukuandikia na akataka niyarudie mbele yake mpaka nimeyashika. Nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza kitu:

"Umuambie Noël abakie kule. Wale ba-juge wa kesi yake wakimuuliza tena, aseme kwao hana tena mahali. Haitakuwa tena uongo."

Yaya wako,
Pétronille